Vidonge vya Kazi

Mama yangu huwaambia wenzake kwamba binti yake anauza dawa hospitali. Zamani nilikuwa namsahihisha. Nilimweleza kwamba mimi ni mfamasia wa wodini, kwamba napita vitandani pamoja na madaktari, naangalia dawa zipi zinagombana ndani ya mwili wa mgonjwa, zipi zimezidi na zipi zimesahaulika, na kwamba baada ya hapo nakwenda chuoni kufundisha vijana wafanye hivyohivyo. Alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akaniuliza kama naweza kumpatia dawa ya magoti kwa bei ya ndani. Nikaacha kumsahihisha.

Simlaumu. Madaktari ninaofanya nao kazi hapa Shinyanga hawana tofauti kubwa na mama, ila wao wanavaa koti jeupe. Kwao mimi nina maneno mawili tu, ipo na haipo. "Mfamasia, ile sindano ipo?" Ipo. "Na ile nyingine?" Haipo. Nikiongeza neno la tatu, shingo zinageuka kunitazama kama nimepokea simu katikati ya ibada. Nyumbani kwangu Ngokolo mambo ni kinyume. Majirani wananipitishia paketi za vidonge juu ya ukuta, zimekatwa kwa mkasi mpaka jina halisomeki, na nikisema hiki usimeze na kile, wanatii. Mtaani mimi ni mtaalamu. Nikivuka geti la hospitali nageuka kuwa stoo inayotembea.

Jambo la kwanza ninalowafundisha wanafunzi wangu ni kuuliza. Muulize mgonjwa nyumbani alikuwa anameza nini, na usimuulize anatumia dawa gani, kwa sababu atakujibu hakuna na atakuwa hajadanganya. Mchimbaji wa Geita hatumii dawa. Dawa ni za mgonjwa, na yeye si mgonjwa, yuko kazini. Vile anavyomeza kabla ya kushuka kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu lenye ngazi za miti na joto la tanuri, ni vidonge vya kazi. Viko kundi moja na tochi na kamba.

Nilivifahamu hukohuko Geita, nilipokwenda kukagua wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilikuwa natafuta maji ya kunywa nikaingia kwenye duka la dawa karibu na stendi. Mbele yangu walisimama wanaume wenye tope lililokaukia miguuni, na mmoja alikuwa na bodaboda inayonguruma nje, ananunulia kundi zima. Muuzaji aliponiona aliruka kutoka nyuma ya kaunta. "Shikamoo madam!" Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, tena si wa mkiani. Alinipa kiti, akanipa soda, kisha akaendelea kuhudumia mbele ya macho yangu bila wasiwasi wowote. Kila mteja alipata kifuko kidogo cha nailoni chenye kidonge cha maumivu, kidonge kingine cha maumivu, na kale kadogo ambako wenyewe wanakaita deksa.

Deksa, dawa ya jamii ya steroidi, ni dawa nzuri, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Inafanana na kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza juu ya figo, kitu kinachompa mtu nguvu za kusimama na kuhimili shida. Imeze kwa muda mfupi, uvimbe unapungua, maumivu yanakwisha, njaa inarudi, unajiona simba. Imeze miezi na miezi, uso unajaa, tumbo linapata michirizi, na mwili unasema basi kumbe naletewa, unaacha kutengeneza chake. Sasa mtu huyo ukimkatizia ghafla, hana cha dukani wala cha kwake. Presha inashuka, sukari inashuka, anatapika, anazimika. Tiba yake ni sindano moja ya dawa ya ukoo huohuo pamoja na dripu, na ikiwahi unamwona mtu anafufuka mbele yako.

"Ulitufundisha mwenyewe madam kwamba inaondoa uchovu," akaniambia yule binti wa kaunta.

"Niliwafundisha pia namna ya kuiacha."

"Kuacha hawataki. Wakiacha wanaumwa."

Alikuwa amenijibu swali la mtihani kikamilifu, na mikono yake ilikuwa inafunga kifuko kingine. Nilipeleka taarifa panapohusika. Duka likafungwa, na mvua za mwaka huo hazijakatika likawa limefunguliwa mtaa wa pili na rangi mpya ukutani.

Kijana mmoja aliletwa kwetu msimu uliofuata. Alikuwa mchimbaji wa maduara ya Geita, lakini baba yake ni wa kijiji cha huku Shinyanga. Mzee alikuwa amekwenda Geita kumtembelea mwanawe na wajukuu, akamkuta mzima, na akiwa bado mgeni pale ndani kijana akaanza kutapika na kulegea. Mzee akasema hawezi kumwacha mwanawe auguzwe ugenini. Akamkodia gari, akamleta nyumbani.

Asubuhi tulipofika kitandani kwake na raundi, daktari bingwa akiwa mbele, madaktari wadogo katikati, mimi na wanafunzi wangu nyuma kama kawaida, mzee alikuwa amesimama kichwani pa mwanawe ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bingwa alimuuliza maswali vizuri tu. Nasema vizuri kwa sababu sitaki mtu adhani namzungumzia daktari mvivu. Ni mtu msomi, anafika mapema kuliko wote, wagonjwa wanampenda. Akauliza kama kijana alikuwa anatumia dawa yoyote.

"Hapana, daktari. Huyu hajawahi kuumwa tangu azaliwe. Ana nguvu huyu. Wenzake wakichoka, yeye ndiyo kwanza anashuka tena." Alisema hivyo kwa fahari, na mwanawe alikuwa amelala pale hawezi kuinua mkono.

Bingwa akatuambia ni maambukizi kwenye damu. Kijana alikuwa na homa, presha iko chini, mapigo ya moyo yanakimbia. Akaagiza dripu ziendelee na antibiotiki ziongezwe nguvu. Mimi nilikuwa natazama vitu vingine. Dripu zilikuwa zinaingia tangu jana yake na presha haikusogea. Sukari ilikuwa imeshuka. Uso wa kijana ulikuwa umejaa, mashavu ya mtoto mchanga, wakati mikono na miguu ilikuwa myembamba. Nesi alipofunua shuka niliona tumbo lake lina michirizi mipana kama ya mama aliyetoka kujifungua. Mwanafunzi mmoja akanigusa kiwiko. Naye alikuwa ameona.

Raundi iliposogea kitanda kinachofuata nilibaki nyuma. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia mzee kwa lugha ya nyumbani, akafurahi, akanijibu kwa kirefu. Nikamuuliza mke wa kijana yuko wapi. Akaonyesha dirishani kwa kidevu. "Yuko huko nje na wengine."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini bingwa wetu ametoka mbali. Kwetu Usukumani mkamwana na baba mkwe hawakai kando ya kitanda kimoja. Mkwe akiingia, yeye anatoka. Hamkatizi maneno, hamtazami usoni, na hata akiulizwa jambo mbele yake atainama na kusema sijui. Ni heshima, nimelelewa nayo na sina ugomvi nayo. Ila matokeo yake ni kwamba anayeishi na mgonjwa, anayempikia na kumfulia, anasubiri uani, na maelezo yote anayatoa mzee ambaye humwona mwanawe wakati wa mavuno na sikukuu.

Nilimkuta nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia nguo, mtoto mgongoni. Nilimuuliza kama ninavyowafundisha wanafunzi. Mumeo alikuwa anameza nini kabla ya kwenda kazini?

Akatazama mlango wa wodi kwanza. "Dada, nikikwambia utamwambia baba?"

"Simwambii."

Nilimwahidi harakaharaka, kama unavyomwahidi mtoto pipi ili amwonyeshe nesi kidonda. Akanieleza. Mumewe alikuwa akimeza vidonge vya kazi kila siku tangu kabla ya mtoto huyu wa mgongoni kuzaliwa. Walikuwa wanavihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Waliposikia mzee anakuja, yeye mke akaogopa. Mzee anatembea akimsifu mwanawe kwa watu, anasema ni nguvu za ukoo. Akiona vidonge atasema mwanawe amekuwa mtu wa madawa, na atasema ni mke aliyemharibu. Kwa hiyo mume akiwa kazini, yeye akavimwaga vyote chooni.

"Na mwenyewe hakuuliza?"

"Aliuliza kwa macho. Angeuliza vipi, baba amekaa hapohapo? Nikajua baba akiondoka, mwenyewe atanunua vingine." Akafuta machozi kwa pindo la kanga. "Ni vidonge vya kazi tu, dada. Na kazini hakwenda tena, tukasema atapumzika."

Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia.

Bingwa alikuwa mwisho wa wodi. Nilimweleza kwa sauti ya chini, nikisimama karibu ili mzee asisikie. Alinisikiliza hadi nilipotaja sindano.

"Nani amesema anatumia steroidi? Baba amesema hajawahi kutumia chochote."

"Mke wake amesema."

"Aje aseme hapa, basi."

"Hawezi kuingia mkwewe akiwepo. Mtoe mzee kidogo, au toka wewe, dakika moja tu."

Madaktari wadogo walitazamana. Bingwa alivua miwani, akaipangusa. "Mfamasia, wewe una habari za uani. Mimi nina mgonjwa mwenye homa na maambukizi. Nikimpa hiyo sindano nitaishusha kinga yake, nitammaliza. Utasaini wewe?"

"Nitasaini."

"Saini yako haitoi dawa," akasema, na hakuwa ananitukana. Ndivyo ilivyo. Mfamasia anashauri, daktari anaagiza, nesi anachoma. Kisha akaniuliza, kana kwamba ananipooza, kama zile antibiotiki alizoagiza zipo.

Zilikuwepo. Na ile sindano ilikuwepo pia. Huko nyuma nimelia mara ngapi mbele ya kabati tupu, nimewapigia watu simu Mwanza nikiomba chupa mbili za dawa kama anayeomba chumvi kwa jirani. Siku hiyo kabati lilikuwa limejaa, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mgonjwa yuko hatua chache kutoka hapo.

Niliandika ushauri wangu kwenye faili, herufi kubwa. Nikamfuata daktari mdogo wa zamu. Akainamisha kichwa. "Madam, nakuelewa kabisa. Lakini mafunzo yangu yanasubiri kupitishwa na bingwa huyohuyo." Nikampigia bingwa simu, hakupokea. Nikaambiwa yuko kliniki, nikaenda. Mlangoni kulikuwa na foleni ndefu na mlinzi aliyeniambia nipange foleni kama wenzangu, maana koti langu halina tofauti na la mtu wa maabara. Nilikuwa bado nagombana na mlinzi, nesi wa wodini aliponipigia simu. Akasema nisihangaike tena.

Niliporudi, mzee alikuwa nje kwenye varanda, ameketi chini kabisa sakafuni na kofia iko magotini. Mke alikuwa mbali kidogo, nyuma ya nguzo, amejifunika kanga mpaka puani. Alikuwa hamtazami mkwewe wala haitazami wodi. Alikuwa ananitazama mimi.

Mzee akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ni mtu wa kwetu na unajua mambo ya dawa. Kijana wangu nimemkuta mzima. Amekufa na nini?"

Wakati huohuo bingwa alitokea kwenye korido, amekuja haraka, kwa kweli alikuwa anahema. Akasimama nyuma yetu.

Nilikuwa na jibu. Sijawahi kuwa na jibu lililo kamili kiasi kile maishani mwangu. Lakini lilikuwa jibu lenye mnyororo. Ningesema amekufa kwa kukosa sindano, mzee angeuliza sindano ya nini. Ningesema ya kurudisha vile vidonge, angeuliza vidonge vipi, na viko wapi, na nani aliviondoa. Na pale mwisho wa mnyororo hasimami daktari bingwa. Daktari ni mtu mkubwa, alifanya alichoweza. Anasimama mwanamke nyuma ya nguzo, mgeni katika ukoo, aliyemwaga chooni kitu kilichokuwa kinamweka mumewe hai. Huku kwetu wanawake wameumizwa kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo. Watoto wangebaki, yeye angefukuzwa, na hapo ni kama amepata watu wapole.

"Ni maambukizi kwenye damu, baba," nikasema. "Yalikuwa makali."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. "Wabeja," akanishukuru. Akamgeukia bingwa, akainuka kwa shida, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumhangaikia mwanawe. Bingwa akapokea shukrani na kunitazama kwa upole mpya, kama mtu anayemtazama mwanafunzi mbishi ambaye hatimaye ameelewa somo. Nilitamani kumzaba kofi.

Yule mwanafunzi aliyenigusa kiwiko alinifuata chuoni kesho yake. Hakunyoosha mkono, alisimama tu katikati ya kipindi. "Madam, kama tukijua na wasitusikilize, tunajua ili iweje?" Nilimwambia akae, tuna silabasi ya kumaliza. Ndilo jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa nikiwa na chaki mkononi, na mpaka sasa sina lililo bora.

Sikukata tamaa moja kwa moja, kichwa changu ni kigumu. Niliandaa pendekezo fupi kwa ajili ya kikao cha kujadili vifo. Nilitaka kila mchimbaji anayeletwa amelegea aulizwe kuhusu vidonge vya kazi. Nilitaka mkewe aulizwe, tena peke yake, nje. Na nilitaka ikionekana ndivyo, ile sindano ichomwe hapohapo bila kumsubiri bingwa. Sikutaja mgonjwa yeyote. Nesi kiongozi aliyeketi mkabala nami anatoka kijiji kimoja na yule mzee na anamwita baba mdogo. Neno lililosemwa mle ndani saa nne, saa saba lingekuwa limefika kule linakaribishwa kiti.

Bingwa aliniunga mkono nusu. Alisema wazo si baya, ila tusianze kuogopa vivuli. Alikumbusha kifo cha yule kijana, akasema hata pale mfamasia alikuwa na shaka ya steroidi, lakini baadaye yeye mwenyewe, mbele ya ndugu, alikubali kuwa ni maambukizi. Hakusema kwa nia mbaya. Aliamini hivyo kabisa. Nilikuwa nimempa usingizi mzuri bure.

Mganga mfawidhi ni mtu wa mambo ya wazi. Akageuza karatasi yangu, akaisoma tena, akaiweka chini. "Mfamasia, utaratibu mpya unahitaji sababu. Hapa kwetu tumewahi kupoteza mgonjwa kwa jambo hili?"

Wote wakanigeukia. Nesi kiongozi naye aliacha kuandika, akainua macho. Nje ya dirisha kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye nyasi na mabeseni yao, wanasubiri wakwe zao watoke wodini.

"Hapana," nikasema. "Hatujawahi."

"Basi tuendelee," akasema mganga mfawidhi, na kikao kikahamia kwenye suala la maji.